Mashine Isiyokosea

Kiti mwendo kiligoma mlangoni pa choo, kama kilivyogoma asubuhi, na kama kilivyogoma jana. Kikauliza kwa ile sauti yake ya upole, ya mtu aliyelipwa asikasirike, msimamizi yuko wapi. Ndekirwa Mmari, mzee wa miaka sabini na miwili, nyonga yake imeshikizwa na vyuma, akausukuma usukani mdogo wa mkono wa kulia mara ya tatu. Kiti hakikusogea hata inchi moja. Akakaa pale akiutazama ukuta mpaka mkewe, Apaikunda, alipotoka jikoni na mikono yenye unga, akagusa kibao cha nyuma ya kiti. Kiti kikamtambua, kikasema asante Mama Anandumi, kikaingia.

Apaikunda alikuwa na maneno ya kukiambia kile kiti, lakini si mbele ya mumewe. Aliyameza. Ilikuwa wiki ya tatu anameza maneno, na wanaomjua wanajua kwamba huyo si mwanamke wa kumeza neno. Miaka thelathini alikuwa fundi wa mashine za kumenyea kahawa katika chama cha msingi pale Machame, na wanaume waliokuja na lawama zao mkononi waliondoka nazo zimekunjwa mfukoni.

Sasa, kisa chenyewe ni hiki. Zama hizo kila mtu alikuwa na daraja la kuaminika, na daraja hilo hakupewa na binadamu mwenzake. Alipewa na mashine. Ukiiendesha vizuri, inakusema vizuri. Ukiiharibu, inakusema vibaya, na zote nyingine zinasikia. Teksi zisizo na dereva zilitaka kujua daraja lako kabla ya kufungua mlango. Hata lifti ya hospitali ya wilaya ilikuwa inauliza. Watu walilizoea jambo hilo haraka kuliko walivyozoea mvua, kwa sababu wengi walikuwa na madaraja mazuri, na mwenye daraja zuri hana sababu ya kuuliza limetoka wapi.

Ndekirwa alikuwa nalo la kwanza kabisa. Miaka thelathini na mmoja ya malori, Moshi hadi Lubumbashi na kurudi, hakuwahi kuangusha hata kreti ya soda. Halafu watoto wakamnunulia mashine ya umeme ya kukatia nyasi, ile ya kupanda na kukaa kama mfalme, chapa Kijani Imara, ili baba asiiname tena na panga. Kampuni ilijisifu kila mahali kwamba mashine zake zinategemewa kwa asilimia tisini na tisa nukta saba. Na kweli, miaka miwili haikumsumbua. Mwezi wa kumi na moja, watu wa Machame wanapoanza kusafisha viwanja kwa ajili ya watoto wanaorudi nyumbani Desemba, Ndekirwa akapanda mashine yake asubuhi, akaanza kushuka bustani kuelekea mfereji wa maji. Mashine ikashuka naye, ikaongeza mwendo, ikamtupa mferejini pamoja na nyonga yake.

Taarifa ilifika kabla ya gari la wagonjwa. Mashine: imara. Mpanda: hakutumia breki. Jioni ile ile daraja la Ndekirwa likashuka mpaka chini kabisa, na tangu siku hiyo hakuna chombo chenye mota kilichokubali kuongozwa na mkono wake, pamoja na kiti alichopewa kwa sababu ya ile ajali.

Siku za kwanza alisema alikanyaga breki. Aliwaambia madaktari, akamwambia mchungaji, akawaambia watoto kwenye simu. Wote walimjibu kwa ile huruma ya kumkubalia mzee. Wiki ya pili akaanza kusema labda. Labda mguu uliteleza, labda nilikanyaga pembeni. Apaikunda angeweza kuvumilia nyonga. Angeweza kuvumilia hata kile kiti chenye adabu za uongo. Hiyo labda ndiyo iliyomchoma, kwa sababu alimwona mwanamume aliyeishi naye miaka arobaini na minne akianza kutojiamini ndani ya kichwa chake mwenyewe.

*

Mashine ilitolewa mferejini, ikapanguswa matope, ikawaka. Haikuwa na hata mkwaruzo wa maana, jambo ambalo Apaikunda alilichukulia kama tusi. Fundi wa kahawa ana desturi yake: mashine ikimsema mtu vibaya, ihoji mashine kwanza.

Asubuhi moja yenye ukungu akafunga gunia la mahindi kwenye kiti cha mashine, akaongeza mawe mpaka uzito ukafika kilo themanini, uzito wa mumewe kabla ya hospitali. Akafunga kamba ya ng'ombe nyuma ya mashine, ncha ya pili akaizungusha kwenye mti wa mgrivea, asije akapoteza mashine na mahindi kwa pamoja. Betri ilikuwa imejaa pomoni, kama ilivyokuwa siku ile. Akasimama pembeni na kidude cha kuongozea mkononi, akaiambia ishuke polepole.

Ikashuka polepole hatua nne. Halafu ikaachia. Akabonyeza breki, taa ya breki ikawaka vizuri kabisa, na mashine ikaendelea kuteremka mpaka kamba ikakazika na mgrivea ukatikisika.

Jirani yake, Aisia Swai, mjane mwenye bustani inayoshuka kama ya kwao na mashine ya chapa ile ile, alikuwa ameegemea uzio na kikombe cha chai. Akasema kamba imeivuruga. Akasema pia, bila ubaya, kwamba ya kwake haijamsumbua hata siku moja, na kwamba yeye angekuwa na mume angemtetea vivyo hivyo.  Apaikunda aliipandisha mashine juu, akaipeleka kwenye uwanja tambarare ulio mbele ya nyumba, akakata nyasi nusu saa mpaka betri ikashuka kwenye asilimia themanini na nane. Ndipo akairudisha kwenye mteremko ule ule, na gunia lile lile. Mara hii ikashuka taratibu kama bibi harusi.

Alirudia mara sita kwa siku tatu. Ikijaa, inaachia. Ikipungua, inashika.

Sababu yenyewe haikumpa shida kuielewa, na alimweleza Ndekirwa kitandani kwa maneno ya nyumbani. Mota ya umeme ikishuka mlima inageuka kuwa jenereta. Ndiyo inayozuia mwendo, na umeme inaouzalisha kwa kuzuia huko inaurudisha kwenye betri. Sasa betri iliyojaa ni gunia lililojaa. Hata kikombe kimoja huongezi. Umeme ukikosa pa kwenda, mota haiwezi kuzuia tena. Watu wa huko chini, kwenye tambarare, hawawezi kuligundua jambo hilo maisha yao yote. Lakini Machame nyumba iko juu, bustani iko chini, na kila mtu anajaza betri usiku kwa kuogopa umeme kukatika. Tena Ndekirwa, mtu wa malori, tangu ujana wake hakuwahi kuanza safari na tangi nusu. Kujaza kwake kulikuwa ni uangalifu; ila miaka miwili, kama majirani wengi, alikuwa anaanza na uwanja wa mbele, na siku ile ndiyo alianza na mteremko.

Mumewe akasikiliza yote. Halafu akauliza, kama ni hivyo, breki ya kawaida ipo ya nini, ile ya chuma. Si alikanyaga. Kampuni ina wasomi, Mama Anandumi, hawawezi kusahau kitu cha namna hiyo.

Swali lilikuwa zuri, na jibu lake lilikuwa ndani ya mashine, nyuma ya muhuri wa kampuni.

Kuvunja muhuri kulikuwa na adhabu yake, na Apaikunda aliijua. Daraja lake lingeshuka. Likishuka, kiti cha Ndekirwa kingekosa msimamizi, na wasimamizi wengine wote wa nyumba ile, yaani watoto, walikuwa Dodoma na Dar es Salaam mpaka Desemba. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na spana mkononi kwa muda mrefu kuliko alivyokusudia. Aliogopa, wala hatuna haja ya kumpamba. Halafu akaikumbuka ile labda, akavunja muhuri.

Mashine ikasema kwa sauti ya dada wa benki: "Mama Anandumi, muhuri umefunguliwa. Daraja lako litapitiwa ndani ya siku saba."

Akaiambia ipitie na la mama yake pia.

Ndani alizikuta pedi za breki, mbili, nzuri, nene. Zilikuwa na rangi ya kiwandani. Miaka miwili ya mteremko wa Machame na pedi hazijawahi kugusa chuma. Nyaya za breki zilikuwepo, kikanyagio kilikuwepo, kila kitu kilikuwa mahali pake. Ila kati ya mguu wa mtu na zile pedi kulikuwa na kisanduku kidogo cha kufikiri, na kisanduku hicho ndicho kilichokuwa kinaamua. Pedi ikitumika inachakaa. Ikichakaa, mashine inaandikiwa uchakavu, na asilimia tisini na tisa nukta saba inapungua. Mtu akiangukia mferejini, anayeandikiwa ni mtu. Mashine ilikuwa na pa kuchagua, na walioifundisha kuchagua walikuwa wameshaamua ni jina la nani litakalochafuka.

Apaikunda akakaa pale na pedi mpya mkononi akilia kwa hasira, mwanamke mzima, mpaka Aisia kule uzioni akaondoka na chai yake.

*

Siku ya tano baada ya muhuri kuvunjwa, alikuja mtu wa kampuni. Hawakumtuma mgeni, maana hawakuwa wajinga. Walimtuma Elisaria Urassa, kijana wa Machame hiyo hiyo, aliyesoma kwa bidii akapata kazi nzuri na shati jeupe. Kifuani alivaa beji ndogo iliyokuwa inarekodi kila alichosema kazini. Na hakuja peke yake. Alikuja na mjomba wake, mzee Aminiel, na mzee Aminiel alikuwa ameshika jani la isale lililofungwa fundo.

Kwa asiyetoka huko, isale ni jani refu la kijani linalopandwa mipakani na makaburini. Aliyekosa akimletea mwenzake isale lenye fundo, msamaha hauwezi kukataliwa. Watu wamesameheana damu kwa jani hilo. Apaikunda alipoliona mlangoni, alijua anafungwa mikono kwa kamba ambayo hawezi kuikata.

Wakakaa sebuleni. Ndekirwa alisogezwa na kiti chake, baada ya kiti kuomba ruhusa mbele ya wageni. Mzee Aminiel aliangalia pembeni kwa heshima. Elisaria akaamkia vizuri, akauliza hali, akaeleza kwa upole kilichomleta. Kampuni inasikitika. Kampuni italeta mashine mpya. Na mzee atapata daraja lake kesho asubuhi, kiti kitamtii, na mambo ya muhuri uliovunjwa yatasahauliwa. Kinachotakiwa ni kidole gumba tu kwenye kishikwambi, chini ya maneno machache ya kukiri kwa hiari kwamba breki haikukanyagwa. Watoto wakija Desemba, akasema, watamkuta baba anajiendesha mwenyewe.

Alijua pa kugusa. Ndekirwa aliangalia mkono wake juu ya ule usukani mdogo, akaangalia kishikwambi. Apaikunda alimwona anahesabu: mlango wa choo, teksi, wajukuu wanaotaka kupakatwa na kuzungushwa uani. Naye mwenyewe, Mungu amsamehe, alihesabu pamoja naye. Kidole kimoja, na kesho mume wangu anarudi. Majirani watajijua na mashine zao.

Lakini maneno yakamtoka. Alimwambia Elisaria, kwa kuwa isale huletwa na mwenye kosa, na mwenye kosa hulitaja kwanza, basi alitaje.

Elisaria akagusa beji yake. Akasema kampuni inasikitika kwa usumbufu.

"Sijauliza kampuni. Jani liko mikononi mwa mjomba wako. Kosa ni lipi?"

Kijana akaangalia kishikwambi chake. Mzee Aminiel akaona mpwa wake anabanwa, akaingilia kati kumtetea, kama mjomba yeyote. Akasema wasimwonee kijana, ana huruma sana huyu. Dada yangu naye anayo mashine hii hii, akasema, na Elisaria ndiye aliyemkataza kuijaza betri. Kila akipiga simu hakosi kumwambia, mama, ikifika themanini chomoa. Amemsumbua mpaka mama wa watu akamwekea alama ukutani.

 Elisaria alikuwa ameinamisha kichwa.

"Tangu lini?" Apaikunda akauliza.

"Tangu Desemba iliyopita," akasema mzee kwa fahari, kisha akaziona nyuso zao, na fahari ikaanza kumtoka polepole.

 Ndekirwa alijivuta akakaa wima, jambo lililomuuma, akamtazama kijana.

"Mama yako hajambo, Elisaria?"

"Hajambo, baba."

"Miguu yake mizima?"

"Mizima, baba."

"Basi namshukuru Mungu." Akanyoosha mkono, akalichukua isale kutoka kwa mzee Aminiel, akaliweka mapajani. "Hili nimelipokea. Nimekusamehe wewe, na hutasikia nimekutaja kwa ubaya mahali popote. Kidole sikupi."

Elisaria akaeleza, na sauti yake haikuwa ya kikazi tena, kwamba bila kidole hawezi kuzuia kitu. Daraja la Mama Anandumi nalo litashuka jioni hii. Kiti kitafungwa kabisa. Baba, nakuomba, akasema, na kwa kweli alikuwa anaomba. Machozi yalikuwa yamemlenga, na beji ilikuwa inarekodi.

"Kifungwe," akasema Ndekirwa. "Isale ni la watu. Mashine sijaisamehe."

Mzee Aminiel aliomba asomewe kilichoandikwa kwenye kile kishikwambi. Apaikunda akamsomea. Mzee akainuka, akashika fimbo yake, akamwambia mpwa wake kwamba amembebesha isale kwa ajili ya karatasi, na kwamba atarudi nyumbani kwa miguu. Akatoka bila kumsubiri.

*

Kiti kilifungwa saa kumi jioni, jua likiwa bado kali. Kilitoa taarifa, kikatoa pole, kikafunga magurudumu. Ndekirwa alikuwa katikati ya uwanja, hana mbele wala nyuma.

Apaikunda alileta boksi lake la zamani la spana. Akapiga magoti kwenye nyasi, akafungua boliti nne, akaichomoa mota ya kiti nzima nzima na kuitupa kwenye maua. Kiti kikalalamika mpaka alipokata waya wa sauti. Magurudumu yakazunguka huru.

Akamuuliza mumewe wanaanzia wapi. Nyumba zenye mashine zile kwenye mteremko wao zilikuwa ishirini na tatu, na kesho ilikuwa Jumamosi, siku ya kukata nyasi. Ndekirwa akasema waanzie karibu, maana yeye ni mzito na mkewe si kijana. Apaikunda akamwambia anyamaze, gunia la kahawa lilikuwa zito kuliko yeye na halikuwa na maneno mengi. Akasukuma.

Hawakufika mbali kabla ya kugundua kwamba Jumamosi ilikuwa imewahi. Geti la Aisia Swai lilikuwa wazi. Mwenyewe alikuwa ameshapanda mashine, kofia kichwani, pale juu mteremko unapoanzia. Taa ya betri ilikuwa ya kijani kibichi, imejaa.

Apaikunda aliita, akapungiwa mkono. Akazidisha mwendo mpaka kiti kikaanza kurukaruka kwenye changarawe na Ndekirwa akauma meno kwa maumivu.

"Aisia," akasema Ndekirwa. Hakupaza sauti. "Usishuke na betri iliyojaa. Haitashika."

Aisia alimtazama mzee aliyesukumwa kwa mikono, kwenye kiti kisicho na mota. Habari zilikuwa zimemfikia, kama zilivyofikia kila nyumba: watu wawili wa boma la Mmari, wote hawaaminiki. Mashine yake ikamkumbusha hayo kwa upole. Ikamwambia pia kwamba kuacha kazi iliyopangwa, kwa ushauri wa mtu asiye na daraja, kutaandikwa.

"Siku ile," akauliza Aisia, "breki ulikanyaga?"

"Nilikanyaga."

Apaikunda alisubiri lile neno lingine lifuate, kama lilivyokuwa likifuata kwa wiki mbili. Halikufuata.

Mashine ikaanza kuhesabu kurudi nyuma, ikimpa mpanda sekunde kumi za kuendelea na kazi. Ilipofika sita, Aisia Swai alizima swichi, akashusha mguu mmoja kwenye nyasi, kisha wa pili.